Maji Mafupi ya Tanga

Segera ndipo safari inapogawanyika. Wanaokwenda Moshi na Arusha huendelea mbele. Sisi wa Tanga tukakata kulia na kuanza kuteremka taratibu kuifuata bahari ambayo bado haikuonekana. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Upande wa kushoto milima ya Usambara ilikuwa imejifunika wingu hadi kiunoni, na mama aliyekaa dirishani alikwisha kufunga kioo kabla tone la kwanza halijaanguka. Wazoefu wa njia ile hawabishani na wingu la Aprili.

Muheza tulikuta machungwa. Wachuuzi huyainua kwenye nyavu hadi usawa wa dirisha, na bei huanza juu kisha hushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Niliyonunua mimi yalikuwa ya kijani kama ndimu na matamu kupita ya njano niliyoyazoea. Tulipouacha mji, mkonge ukajitokeza: mistari iliyonyooka, kila shina limezungukwa na majani magumu yenye mwiba mweusi nchani, na hapa na pale mlingoti mrefu umechomoza katikati ya shina lililozeeka. Shamba moja lilikuwa limefyekwa safi. Lililofuata lilikuwa limemezwa na pori kiasi kwamba mistari huioni ila ukijua pa kuitafuta.

Mkonge nilikuwa nimeujua kwa masikio. Babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu miaka ya 1950 akaja huku kama manamba. Walipandishwa treni Kigoma, wakashushwa njiani, wakamalizia kwa lori, maana wakati ule reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Ziliunganishwa mwaka 1963. Katika masimulizi yake Tanga haikuwa na bahari hata kidogo. Ilikuwa na kipande, kile cheti cha siku 30 za kazi kilichotiwa alama kila jioni. Ilikuwa na mwiba wa mkonge, ambao jeraha lake halisahauliki, na korona, mashine ya kuchuna majani iliyolia kutwa na kutoa maji machachu yaliyonuka hadi kwenye kambi. Alifanya kazi mwendo wa saa chache kutoka baharini na hakuiona hata siku moja. Jumapili walilala, au waliosha nguo. Waha wengi walifuata njia ile. Wako ambao hawakurudi, na wajukuu wao leo wanauza machungwa Muheza kwa lafudhi ya pwani.

Mmea wenyewe ulikuwa mhamiaji pia. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Iko hadithi inayopendwa sana kwamba ilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa. Sina ushahidi wa huyo mamba, lakini ile 62 imeandikwa. Kutokana nayo ukazaliwa utajiri ulioifanya Tanganyika, kufikia miaka ya 1960, iongoze dunia kwa katani. Mwaka 1964 zilitoka tani zipatazo 230,000. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kilichofuata nimekwisha kukieleza: mistari ndani ya pori. Sababu ya mkonge kukaa hapa chini na chai kukaa juu ya Usambara ni mvua. Mkonge huvumilia ukame na udongo wa mawe, nao hauchukui maji mengi. Amani, kule juu ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo katika mwendo mfupi wa gari unatoka kwenye msitu wenye ukungu na kuingia kwenye nchi ya miiba, na vyote viwili, majani ya chai na marobota ya katani, viliteremka kuelekea kwenye maji yaleyale.

Karibu na Pongwe vumbi jeupe la chokaa lilionekana juu ya majani kandokando ya barabara. Ni eneo la mawe ya chokaa, na ndiyo yaliyoleta kiwanda cha saruji. Mawe hayohayo ndiyo yaliyotobolewa na maji kwa miaka mingi yakawa Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji. Nilikwenda huko kesho yake. Mwongoza wageni, kijana mwenye tochi kubwa na sauti ya mahubiri, alituonyesha mahali penye vitambaa vyekundu na chupa za marashi ambapo watu huja kutambika, kisha akatuambia kwamba pango linafika Mombasa kwa upande mmoja na Kilimanjaro kwa upande mwingine. Wataalamu waliolipima walikuta pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Nilimtajia hilo. Akasema, "Kaka, waliopima walipita kwenye njia ya watu." Sikuwa na jibu, na popo walikuwa wengi.

Nirudi mjini. Joto la Tanga halikuchomi; linakukalia. Kwetu Kigoma jua likiwa kali unaingia kivulini na mambo yanaisha. Hapa kivuli kina unyevu wake, na shati lilikuwa limeganda mgongoni kabla sijafika nyumba ya wageni. Nilipanga Ngamiani, sehemu ya mji ambayo mitaa yake haikupewa majina ya mashujaa wala ya miti: ni Barabara ya 1, ya 2, ya 3, hivyo hivyo hadi ya 21. Mgeni hapotei. Baiskeli ni nyingi mno, maana ardhi ni tambarare, na wazee wanaoziendesha hawana haraka hata wakipigiwa honi. Jioni vibaraza vyote vilikuwa na watu, kahawa chungu na kashata vikizungushwa, na kwenye redio moja ilikuwa ikipigwa taarabu ya zamani, ya enzi zile Black Star na Lucky Star zilipoutia gitaa la umeme muziki ambao Unguja ulikuwa wa fidla na kanuni. Ukipita na kusalimu, unajibiwa na kuulizwa utokako. Nikitaja Kigoma, kila kibaraza kilikuwa na mtu mwenye shemeji Mmanyema.

Lakini lililonileta lilikuwa bahari, na asubuhi nilishuka hadi Bustani ya Jamhuri, pale juu ya bandari.

Mtu wa Ziwa Tanganyika ana namna yake ya kufikiri juu ya maji. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na sehemu nyingi za ufuko wetu ukipiga hatua kadhaa huigusi tena ardhi. Hupanda na kushuka, ndiyo, lakini kwa miaka; maji yaliyoifikia bandari ya Kigoma mwaka 2020 na 2021 hayakuondoka jioni. Sasa niliyoyakuta Tanga saa tano asubuhi yalikuwa hivi: ghuba pana iliyofungwa pande tatu, kisiwa cha Toten katikati na miti yake, mikoko upande wa pili, na palipopaswa kuwa na maji palikuwa na tope linalong'aa, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wawili walioinama na ndoo mbali sana kutoka ukingoni, wakiokota kome.

Kwenye benchi chini ya mti alikuwa amekaa mzee mwenye kofia ya kiua na bakora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgeni wewe."

"Umejuaje, mzee wangu?"

"Mwenyeji gani atasimama juani saa hizi kutazama tope? Maji yamepwa. Leo bamvua, yamekwenda mbali. Njoo jioni utayakuta hapo chini ya ukuta."

Aliniuliza ninakotoka, nami nikamwambia.

"Ziwa lenu halipwi?"

"Halipwi. Liko palepale usiku na mchana."

Akatafakari kidogo. "Basi nahodha wenu ana raha."

Alikuwa amestaafu kazi ya bandari, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsubiri, alinifundisha. Bamvua ni siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa tofauti ya juu na chini hupita mita tatu. Maji mafu ni siku za katikati, yanapotembea kidogo tu. Kila siku mambo husogea mbele kwa chini ya saa moja, kwa hiyo mvuvi wa Tanga haamki kwa saa ya ukutani. Huamka kwa maji. Shule na ofisi hufuata jua, pwani hufuata mwezi, na kuna nyumba zenye ratiba zote mbili.

Kisha akaeleza jambo ambalo kwa maoni yangu linaifafanua Tanga kuliko majengo yake yote. Ghuba hii ni tulivu. Mawimbi ya kusi huvunjikia kwenye miamba na mafungu huko nje, na ndani maji hutulia kama ya kwenye beseni. Chombo cha tanga hakikutaka zaidi ya hapo. Jahazi hupwelewa juu ya mchanga likapakuliwa, maji yakijaa likaondoka. Meli ya chuma ilitaka kina, na kina hakikuwapo. Njia ya kuingilia ilikuwa na mita tatu tu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka mia meli zilitia nanga katikati ya ghuba, zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, na mzigo ukafuatwa huko kwa matishari.

"Tishari halina injini," alisema. "Ni sanduku tu la chuma. Tagi inalivuta hadi ubavuni mwa meli, unalifunga. Winchi ya meli inashusha, nyinyi mko chini mnapokea. Meli inapanda, tishari linashuka, wavu wa mizigo unabembea juu ya kichwa chako. Ukishajaza, tagi inakurudisha gatini, kreni inatoa tena. Kila gunia limeshikwa mara mbili. Mvua ikija, funika! Saruji ikilowa, katani ikilowa, kelele zake hadi Dar."

Nilimwuliza kama waliumia. Alinyoosha mkono wa kushoto, ambao kidole cha pete hakikuwa na kipande cha mwisho, kisha akaurudisha juu ya bakora bila kusema.

Siku hizi mambo yamebadilika. Serikali ilichimba lango la kuingilia meli kutoka mita 3 hadi mita 13, na gati mbili zenye urefu wa mita 450 zikajengwa upya, kazi iliyokamilika mwaka 2023. Meli sasa inakuja hadi ukutani. Kutoka pale bustanini niliiona moja, nyekundu, ikishusha mzigo moja kwa moja kwenye malori. Mzee aliitazama kwa muda. "Zamani meli ilikuwa inatuita," akasema. "Sasa inakuja yenyewe."

Ukiyashika hayo maji mafupi mkononi, historia ya mji inasomeka vizuri. Wajerumani waliitwaa Tanga kwa mizinga mwaka 1889, katika vita vilevile vya kumwandama Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba ya mwaka huo. Waliitaka kwa sababu ya milima: Usambara ilikuwa na baridi ya kuwafaa walowezi, na ghuba ilikuwa karibu. Mwaka 1893 wakaanza kujenga reli, ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Ilikwenda kwa kujikongoja. Muheza waliifikia mwaka 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Shule ya serikali ilikuwapo tangu 1892. Majengo ya wakati huo yapo hadi sasa: Boma la zamani, ambalo ni makumbusho, mnara wa saa, na hospitali ya Bombo juu ya jabali ikitazama bahari, ghorofa za mbele zikiwa zimechakaa kiasi cha kusikitisha. Nchi inayojenga gati jipya ingeweza kutafuta fundi wa kuezeka hospitali ile.

Novemba 1914 Waingereza walikuja kuichukua. Walileta watu wapatao 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Tarehe 2 manowari yao, HMS Fox, iliingia na kudai mji ujisalimishe, tena ikauliza kama bandari imetegwa mabomu. Wajerumani hawakuwa na haraka ya kujibu. Badala ya kuingia ghubani, askari walishushwa kwa matishari upande wa Ras Kazone, kwenye mikoko na miteremko, wengi wao wamechoshwa na safari ya majuma mengi baharini. Muda uliopotea ulimtosha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuwashusha askari wake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Alikuwa na watu kama 1,000. Tarehe 4 walipambana katika mashamba na vichaka vya nje ya mji, na risasi zilipoipiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka na kumshambulia kila aliyekuwapo. Waingereza waliwahi kunong'ona kwamba ilikuwa hila ya Wajerumani, ingawa Wajerumani nao waliumwa. Kesho yake Aitken akaamuru warudi melini. Waliuacha ufuko umejaa bunduki, bunduki za rashasha na risasi 600,000, na zaidi ya watu mia nane wao wakiwa wamekufa au kujeruhiwa.

Makaburi ya Wahindi wale yapo mjini, yametunzwa. Nilitembea hapo saa kumi, kukiwa na mtunza bustani mmoja akikata majani. Ya askari Waafrika waliopigana upande wa pili sikuyaona, na niliowauliza hawakuweza kunielekeza.

Vita vile Tanga ilivishinda, lakini njia ya mizigo iliipoteza. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi hadi ikakutana na reli ya Tanga pale Kahe, na amani iliporudi kahawa ya Kilimanjaro ikawa na milango miwili ya kutokea. Mlango wa Mombasa ulikuwa na Kilindini, maji marefu, meli gatini. Wa Tanga ulikuwa na matishari. Mfanyabiashara anayehesabu senti hachagui mara mbili. Dar es Salaam nayo ilikuwa na reli ya kati na ofisi za serikali. Tanga ikabaki na katani yake, na katani ilipoanguka ikabaki na baiskeli. Watu hupenda kusema mji huu umelala, na wengine huliweka hilo kwenye tabia za wenyeji, mahaba na utani na kahawa za jioni. Mimi nadhani wameanza kusoma upande usio sahihi. Ungechimba lango lile mwaka 1930, watu wa Tanga wangekuwa na haraka kama watu wa Mombasa.

Mvua ilinikuta Alhamisi. Mwanzoni mwa Aprili pwani ipo kwenye malelezi: kaskazi imekata, kusi haijashika, upepo hauna mwenyewe, na hewa inasimama. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, kavu na ya joto, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi huingia Aprili na kuendelea hadi Septemba. Ndiyo iliyoyarudisha, na ndiyo inayoleta masika. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na mwezi mzito ni Mei. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, mara nyingine ikawa na ukali, mara nyingine ikawa manyunyu. Julai ni ahueni, usiku unataka shuka. Hayo yote niliyapata kwa muuza kahawa wakati tumejibanza chini ya bati la duka, barabara imekuwa mto na vijana wanaokota viatu vinavyoelea. Maji yale yanayoteremka kutoka Amani hukusanyika katika mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani ambalo mji unakunywa. Msitu ukifyekwa kule juu, bomba la Ngamiani hutoa tope. Muuza kahawa alilijua hilo kuliko maofisa kadhaa niliowahi kuwasikia wakihutubia siku ya mazingira.

Ijumaa asubuhi nikachukua gari la Pangani na kuteremka Tongoni, kilomita kama 17 kusini ya mji. Ni magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arobaini, ya karne ya 14 na ya 15, baadhi yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Nguzo nyingi zimeanguka. Ukuta wa kibla bado umesimama na mihrabu yake, na mbuyu umekuwa jirani. Mlinzi alinionyesha shimo dogo kwenye nguzo moja ambapo zamani palipachikwa bakuli la kauri. Bakuli lenyewe limeng'olewa, limebaki duara la chokaa. Nilitia kidole. Ndani palikuwa laini.

Mbele ya Tongoni ndipo Vasco da Gama alipokwama. Mwanzoni mwa Aprili 1498, akiifuata Mombasa, merikebu yake mojawapo, São Rafael, ilipanda kwenye fungu la mchanga alfajiri, maji yakapwa ikabaki kavu. Wenyeji wa Mtangata wakaijia kwa vyombo vyao, wakiwauzia wageni machungwa. Maji yalipojaa ikaelea tena. Mabaharia wale waliandika juu ya milima mirefu waliyoiona nyuma ya pwani, ambayo ndiyo ileile niliyoiona imefunikwa na wingu. Januari 1499, waliporudi kutoka India wakiwa wameangamizwa na kiseyeye, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu. Wakaichoma moto São Rafael hapohapo kwenye mafungu. Kati ya Tongoni na Tanga kuna Machui, ambako alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na ambako amezikwa. Alifanya kazi miaka mingi kama karani wa forodha, akihesabu mizigo ya watu. Nimemsoma tangu shule, ila hilo la forodha lilikuwa limenipita masikioni hadi nilipoiona njia ya kwao.

Jambo la ajabu ni kwamba maji haya mafupi yamepakana na maji marefu kweli. Ukivuka mwamba, sakafu ya bahari huporomoka, na kati ya hapo na Pemba kuna mkondo wenye kina cha mita mia kadhaa. Wavuvi wanaotega jarife za papa huko chini walianza mwaka 2003 kuvuta samaki wasiyemjua: mzito, mwenye magamba magumu na mapezi manene yaliyokaa kama viungo. Ni silikanti. Wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na madinosaria hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Pwani ya Tanga wakapatikana wengi, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu ufukoni alinieleza kwamba nyama yake ina mafuta mengi na haina ladha. "Hata paka anasitasita. Lakini wazungu wakimsikia wanapanda ndege." Kilichomuudhi yeye ni jarife, aliyozuiwa kutega mahali pake pa zamani, na bado alikuwa na deni la nyavu.

Siku ya mwisho nilizunguka upande wa kaskazini wa ghuba hadi Chongoleani. Hapa ndipo lilipopangwa kuishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, kati yake 1,147 zikiwa ndani ya Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba lote sharti lipashwe joto njia nzima. Yote hayo ya kushangaza, lakini jicho langu la mtu wa ziwa lilivutwa na gati. Meli kubwa za mafuta haziwezi kusogea nchi kavu, basi daraja la chuma linatoka ufukoni na kuingia baharini takriban kilomita mbili kuzifuata. Lango la bandari ya mjini walilichimba. Hapa wameamua kuyafuata maji marefu yalipo. Vijana niliowakuta kwenye kibanda cha chipsi walikuwa na maoni mengi. Mmoja alipata kazi ya ulinzi, mmoja alilipwa fidia ya minazi akanunua bodaboda, na wa tatu, mvuvi, alisema eneo la usalama kuzunguka gati limemlazimisha apige kasia mbali zaidi kila siku, na kusi ikishika hatathubutu. Walibishana hadi chipsi zikapoa. Swali langu la kipumbavu, kama wanaona Tanga itakuwa kama Mombasa, walilijibu kwa pamoja kwa kicheko, kisha yule wa bodaboda akaniuliza kama nimewahi kuiona Mombasa yenyewe.

Sikuwa nimeiona. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita zisizofika sabini, lami tupu. Nilirudi Ngamiani kuchukua begi, nikamlipa mwenye nyumba, nikaulizia gari linaloondoka kabla ya adhuhuri. Konda alisema nafasi ipo moja tu, ya nyuma, juu ya gurudumu, na kwamba upande wa pili, Lunga Lunga, nitapata matatu hadi Likoni, ambako nitavuka kwa kivuko na kuiona Kilindini mkono wa kushoto. Nikapanda.